Mfuate Fundi Anapoona: Kupiga Picha za Watu Ndani ya Kiwanda

(Haya ni maandishi ya hotuba iliyotolewa mbele ya wapiga picha vijana mjini Kisumu. Yamehaririwa kidogo ili yasomeke.)

Wapiga picha wenzangu, na nyinyi wachache mliotoka viwandani mkaja kusikia tunavyowasema, hamjambo. Mwenye ukumbi ameniambia nina saa moja, na kwamba huenda stima ikapotea. Ikipotea tutaendelea tu, maana mada yenyewe ni giza.

Wengi wetu hapa tunaishi kwa harusi, mahafali na matanga. Hizo ni kazi za nje, au za chini ya hema jeupe, na jua la huku ziwani hutufanyia nusu ya kazi. Halafu siku moja simu inalia. Kiwanda fulani huko njia ya Kibos kinataka picha za wafanyakazi kwa ajili ya kalenda, au chama cha wafanyakazi kinataka watu waone zamu ya usiku inavyokwenda. Unakubali, kwa sababu malipo yanaeleweka. Unaingia ndani, unainua kamera. Picha ya kwanza inatoka nyeusi tititi, ya pili imetikisika, na katika ya tatu kila mtu ana rangi ya chungwa.

Nina jambo moja la kuwaambia leo, na mengine yote yanatokana nalo. Mtu anayefanya kazi kwa mikono lazima aone anachokifanya. Popote alipo fundi, basi, pana mwanga, hata ukiwa kidogo namna gani, na fundi huyo ameshajipanga kwa ajili yake zamani kabla wewe hujafika. Amesogeza meza karibu na dirisha. Amening'iniza balbu juu ya mashine. Amejifunza kusimama upande ambao kivuli chake hakiangukii kazi yake. Wewe ukiingia na kuanza kutafuta ukutani pahali pazuri pa kumsimamisha, unamtoa kwenye mwanga alioutafuta kwa miaka na kumpeleka gizani, halafu unalalamika kwamba kiwanda kina giza. Mtazame kwanza. Ukishajua anaona kwa mwanga gani, zunguka mpaka upate pembe ambayo mwanga huo, unaoiangukia mikono yake, unagusa na uso.

Tuchukue kiwanda cha sukari, maana ndicho tulichonacho kwa wingi ukanda huu tangu kile cha Miwani kilipoanza 1922. Muhoroni, Chemelil, Mumias, Nzoia, Awendo, vyote vimepangwa karibu namna moja. Miwa huingia upande mmoja, na sukari hutokea upande wa pili. Kwenye uwanja wa kupokelea miwa kuna mwanga wa mchana, hapo hamnihitaji. Ukiingia kwenye vinu, paa la mabati liko juu sana, taa ziko mbali, na kila kitu kimepakwa grisi nyeusi inayomeza mwanga. Wapiga picha wengi hukata tamaa hapo. Lakini mtazame anayeendesha vinu. Hakai gizani. Yuko kwenye kibanda chake chenye kioo, na skrini na taa ndogo za mitambo zinamwangaza uso kutoka chini. Ukisimama nje ya kioo utapata taa hizo zikirudi kama madoa. Omba uingie ndani, simama kando ya bega lake, subiri atazame kipimo.

Kwenye boila wanachoma makapi ya miwa. Kuna kidirisha cha kuchungulia moto, na mtu wa boila hukisogelea mara kwa mara kuona unavyowaka. Kwa muda mfupi uso wake wote huwa mwekundu, kisha giza linarudi. Huhitaji kumwambia arudie. Atarudia mwenyewe, ndiyo kazi yake.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni juu, kwenye vyungu vikubwa vinavyochemsha maji ya miwa mpaka sukari ianze kushika punje. Kuna fundi pale ambaye kiwanda kizima kinamtegemea, mpishi wa sukari. Anachota kidogo kutoka ndani ya chungu kwa fimbo maalumu, anapaka kile alichochota juu ya kipande cha kioo, kisha anakiinua mbele ya taa na kukitazama. Anaangalia punje, kama zimelingana, kama zimekua vya kutosha, kama kuna punje changa zilizojitokeza bila kualikwa. Mashine za kisasa zimemsaidia, lakini nimemwona akiziacha zote akakimbilia kioo chake. Sasa fikirini kama wapiga picha. Mtu huyu anasimama mbele ya taa, anainua kitu kinachopitisha mwanga, anakitumbulia macho kwa makini yote aliyonayo, na mwanga unapita kwenye kioo hadi usoni mwake. Mngemlipa mtu awapangie mwanga huo, asingeupanga vizuri hivyo. Na upo pale kila siku, mchana na usiku, kwa sababu ya kazi, wala si kwa sababu yenu.

Ukishuka mpaka kwenye upakiaji, hali inageuka. Magunia meupe ya kilo 50 yamepangwa mpaka juu, na kila rundo ni ukuta unaorudisha mwanga. Mpakiaji akisimama kati ya dirisha na rundo la magunia, upande wa uso wake uliokuwa na kivuli unajazwa mwanga laini. Wenzetu mijini hununua vitambaa vyeupe vya kuakisi mwanga kwa pesa nyingi. Kiwandani vimejazwa sukari.

Sasa kidogo kuhusu hesabu, na nitapita haraka kwa sababu mnaweza kuisoma popote.

Jua la saa sita mchana hapa Kisumu hufikia takriban laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Ndani ya ukumbi wa kiwanda wenye taa za kawaida unaweza kukuta laksi 200, na kwenye kona laksi 50. Tofauti kati ya jua na huo ukumbi ni mara 500, lakini jicho huzoea haraka na kukuambia kwamba mambo si mabaya. Kamera haidanganyiki. Kwenye laksi 200, lenzi iliyofunguliwa hadi f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa zaidi) na shata ya 1/100, yaani inayofunguka kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, itahitaji ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya takriban 500. Lenzi iliyokuja na kamera kwenye boksi, ile inayofika f/5.6 ukivuta karibu, itahitaji ISO 4,000 kwa picha ileile. Ukienda kwenye kona ya laksi 50, zidisha zote mbili mara nne. Ndiyo maana nawaambia vijana kila siku, kabla ya kununua kamera mpya nunueni lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8. Ni ya bei ya chini karibu kwa kila kampuni, na hupitisha mwanga karibu mara kumi ya ile ya f/5.6.

Kuhusu chengachenga, zile punjepunje kwenye picha zinazoletwa na ISO kubwa, mimi sina huruma na wanaoziogopa. Mteja hajawahi kurudisha kalenda kwa sababu ya chengachenga. Atairudisha kwa sababu uso wa mama aliyefanya kazi pale miaka ishirini umetikisika. Pandisheni ISO bila aibu. Kibaya zaidi ni kupiga picha yenye giza kwa ISO ndogo halafu kwenda kuing'arisha kwenye kompyuta. Hapo chengachenga hutoka kwenye vivuli zikiwa nyingi zaidi, na ngozi huwa na mabaka.

Kwa mtu aliyesimama akisoma kipimo, 1/100 inatosha. Kwa mikono inayokwenda, 1/250 au zaidi. Lakini kila kazi ina pumzi yake. Anayegonga nyundo husimama kidogo juu kabisa kabla ya kuiteremsha. Anayeshona magunia husita kidogo anapobadilisha gunia. Ukitazama mizunguko michache bila kupiga, utajua pumzi iko wapi, na utaweza kutumia shata ya polepole bila picha kutikisika. Wanaopiga kwa simu wanahitaji zaidi maarifa haya, kwa sababu simu za siku hizi, zikiona giza, hupiga picha kadhaa na kuziunganisha kuwa moja. Mkono ukitembea katikati ya hizo picha, unapata fundi mwenye vidole vinane.

Hapa Kenya umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu, na taa nyingi za LED za bei nafuu, huwaka na kufifia mara 100 kwa kila sekunde. Jicho halioni. Kamera huona. Ukipiga kwa 1/500 utakuta picha moja ina mwanga na inayofuata imefifia, au mistari ya giza imepita kwenye uso wa mtu, hasa ukitumia ile shata ya kielektroniki isiyo na sauti. Chini ya taa hizo kaeni kwenye 1/100 au 1/50, ambapo shata inameza mapigo kamili ya taa. Wale walimu wa YouTube wanaowaambia 1/60 au 1/120 si waongo. Wako Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60.

Kwa wale wenye hamu ya kujua: wahandisi walilijua tatizo hili kabla yetu. Kwenye karakana za zamani utaona mashine ya kukereza vyuma ina balbu yake ya waya, ile ya zamani, karibu kabisa na kazi. Sababu mojawapo ni kwamba taa za tyubu zinaweza kuifanya mashine inayozunguka kwa kasi ionekane kana kwamba imesimama, na mtu akanyoosha mkono. Kwa hiyo walimwekea fundi taa isiyopepesa, au walizigawa taa za ukumbi kwenye nyaya tofauti za umeme wa fezi tatu ili zisififie zote kwa pamoja. Ukiiona ile balbu ya mashine, umeshapata mwanga wako, tena mwanga mtulivu.

Rangi ni shida nyingine. Taa za sodiamu, zile za rangi ya chungwa, bado ziko kwenye maghala mengi. Hazina buluu ya maana ndani yake, na rangi isiyokuwepo haiwezi kurudishwa na programu yoyote. Msipoteze usiku mzima mkivuta vipimo. Geuzeni picha iwe nyeusi na nyeupe, mlale. Pale ambapo dirisha linaleta mwanga wa mchana na tyubu inaleta ukijani, chagueni mmoja utawale uso, mwingine ubaki nyuma. Hatua moja kuelekea dirishani mara nyingi humaliza ugomvi. Pigeni kwa faili ghafi (RAW, ambayo kamera haijaibana wala kuirekebisha), si JPEG, maana kiwandani rangi ya ngozi ndiyo ya kwanza kuharibika na ya mwisho kurekebishika.

Na hapa kwenye ngozi nataka kukaa.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kwamba kinamtazama mtu. Kinachukulia kwamba chochote kilicho mbele yake kinapaswa kuwa na mng'ao wa kijivu cha wastani. Ukimpiga mpakiaji mbele ya magunia meupe, kinaona weupe mwingi, kinapunguza mwanga, na uso wa mtu wetu unakuwa kivuli chenye meno. Ukimpiga fundi mweusi mbele ya mashine nyeusi, kinafanya kinyume, kinaongeza mwanga mpaka paji la uso lenye jasho linakuwa doa jeupe. Kwa hiyo pimeni uso peke yake, au karibieni, pimeni, mfunge vipimo, kisha rudini nyuma mpige.

Jambo hili lina historia. Kwa miaka mingi maabara za Kodak zilisahihisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha ngozi zote. Watafiti wa historia ya filamu wanasimulia kwamba malalamiko yaliyosikilizwa zaidi yalitoka kwa waliouza chokoleti na fanicha za mbao, waliotaka rangi za kahawia zionekane vizuri. Sisi tulifaidika baadaye, nyuma ya meza na makabati. Kamera za leo ni nzuri kuliko hizo filamu, ila mazoea ya watu hayajabadilika. Bado namsikia mhariri akisema picha ifanywe nyeupe kidogo. Ngozi nyeusi gizani haihitaji kufanywa nyeupe. Inahitaji mwanga unaotoka ubavuni, mpana na laini, uteleze juu ya shavu na kuonyesha umbo. Jasho, ambalo wapiga picha wa studio huliogopa na kulifuta kwa poda, kiwandani ni rafiki. Linashika mwanga kidogo uliopo na kuchora mstari wa taya. Acheni liwepo.

Mtaniuliza, kwa nini tusiwashe flashi tukamaliza? Nawajibu kwa hadithi ya mama mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Margaret Bourke-White aliingia kiwanda cha chuma cha Otis huko Cleveland, Marekani. Mbele yake palikuwa na chuma kilichoyeyuka, kinawaka mpaka uso unauma, lakini filamu za wakati ule ziliona buluu vizuri na nyekundu karibu zisiione kabisa. Picha zikatoka nyeusi. Kilichomwokoa ni fataki za magnesiamu zenye mwanga mweupe, zilizowashwa pembeni ili filamu ione kile ambacho jicho lilikuwa likiona. Angalieni alichotafuta. Mwanga aliouongeza ulikuwa kwa ajili ya kuonyesha mwanga uliokuwepo.

Sisi leo tuna tatizo lililogeuka juu chini. Kamera za kidijitali zinaiona nyekundu kupita kiasi. Uso ulioangazwa na tanuri hujaa nyekundu mpaka alama zote za ngozi zinapotea, ingawa kipimo cha jumla kinasema picha iko sawa. Kwenye skrini ya kamera tazameni grafu ya nyekundu peke yake, na mpunguze mwanga mpaka itulie.

Flashi inayotoka juu ya kamera, kiwandani, ina maovu matatu. La kwanza ni usalama. Mtu anayeongoza foklifti au anayesukuma kitu kuelekea kwenye meno ya mashine, ukimpiga flashi ya ghafla machoni, kwa muda haoni. La pili, zile fulana za usalama zina mistari ya kurudisha mwanga pale ulipotoka. Flashi ikiwaka, mistari hiyo inakuwa moto mweupe na mtu aliye ndani ya fulana anatoweka. La tatu ni kwamba inaua ule mwanga wa kazi ambao ndio sababu ya wewe kuja. Ukilazimika kuongeza mwanga, tumia taa ndogo ya LED inayowaka muda wote, iweke upande uleule ilipo taa ya fundi, na mwache aizoee kabla hujapiga.

Kuna sehemu ambazo hata hiyo taa haziruhusu. Vumbi la unga na vumbi la sukari vikiwa vingi hewani vinaweza kulipuka kwa cheche ndogo. Kunakotengenezwa spiriti kutokana na molasi, kama kule Muhoroni, mvuke wenyewe unashika moto. Kabla ya kuingia muulizeni afisa wa usalama kuhusu kamera, betri, taa na simu, kila kimoja kwa jina. Akisema kiachwe getini, kiacheni getini.

Mambo madogo ya mwili na vifaa: msibebe traipodi mkidhani itawaokoa karibu na vinu. Sakafu pale inatetemeka, na miguu ya chuma hupandisha mtetemo wote hadi kwenye lenzi. Mwili wako unauzuia vizuri zaidi. Baneni viwiko, pumueni nje, pigeni. Mshipi wa kamera usining'inie karibu na mkanda wa kusafirishia mizigo, wala lesu, wala nywele. Msibadilishe lenzi ndani. Na wale mtakaokwenda viwanda vya chai vya Mudete au Kapsabet asubuhi na mapema, ubaridi wa nje na unyevu wa joto wa ndani utaifunika lenzi ukungu. Iacheni kamera ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto polepole.

Nimeacha kwa makusudi jambo gumu lije mwisho, kwa sababu halina kipimo cha kugeuza kwenye kamera. Meneja amekuruhusu. Je, aliye mbele ya lenzi amekuruhusu?

Kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kukataa mbele ya msimamizi wake. Atatabasamu, atasimama unapotaka, na hutajua kama alitaka. Kwa hiyo mimi humwomba msimamizi aniache. Nakwenda kantini wakati wa chai, bila kamera. Mumias nitaanza na mulembe, Nandi na chamgei, na hapa kwetu sina haja ya kuwafundisha. Nawaeleza picha zitakwenda wapi, ubaoni, kwenye gazeti, Facebook, na nawaambia waziwazi kwamba asiyetaka asinieleze sababu, anipungie mkono tu nikikaribia na nitapita. Wapo wanaopunga. Mmoja anakwepa deni, mwingine hajawaambia wakwe kazi anayofanya, na mwingine hapendi tu. Wote wako sawa.

Sheria nayo iko upande wao. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake. Mnamo 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kiwanda hakina msamaha wa pekee. Andikeni fomu fupi ya Kiswahili, ya ukurasa mmoja, mtu aisome na kuielewa akiwa amesimama.

Halafu kuna picha ambayo mtu ameikubali na bado inaweza kumdhuru. Nendeni soko la Kibuye mkawatazame mafundi wa kuchomelea vyuma. Wengi wanajikinga macho kwa miwani ya jua ya kawaida, ambayo si kinga ya kutosha. Cheche ni nzuri mno, mwanga wa buluu unaruka, na wewe unataka picha. Kwanza linda macho yako mwenyewe, hasa kama kamera yako ni ile yenye kioo cha kuakisi ndani yake, na unachungulia moja kwa moja kupitia lenzi. Pili, jiulize picha hiyo itamwangukia nani. Fundi wa jua kali ni bosi wa nafsi yake, mkizungumza ataamua. Lakini ukimpiga mfanyakazi wa kiwanda asiye na helmeti, na picha ikafika ofisini, atakayeandikiwa barua ni yeye, hata kama kampuni ndiyo haikumpa helmeti. Kama unafanya kazi ya kufichua uzembe, onyesha mikono, onyesha kabati la vifaa likiwa tupu, ficha uso. Kama unafanya kalenda, mwambie kwa upole avae, kisha piga.

Je, kumwambia avae si kuipanga picha? Ndiyo, ni kuipanga. Lewis Hine, aliyezunguka viwanda vya Marekani kuanzia 1908 akiwapiga picha watoto wanaofanyishwa kazi, alikuja mwaka 1920 kumpiga picha fundi aliyeinama na spana mbele ya pampu kubwa ya mvuke, mgongo umejikunja kama umbo la chuma chenyewe. Picha hiyo ilipangwa. Imetazamwa kwa miaka zaidi ya mia, na sioni uongo ndani yake, kwa sababu spana ni ya kazi na mikono inajua inachoshika. Ila kwa gazeti, msipange chochote. Mhariri akiuliza, mjibu ukweli.

Neno la mkataba, kisha nikae. Wengi wetu tunaamini kwamba aliyepiga ndiye mwenye picha. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ya hapa Kenya, kazi uliyoagizwa na kulipwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mkubaliane vingine. Maana yake, kiwanda kinaweza kukukatazia hata kuzionyesha. Kwa hiyo kubalianeni mapema, kwa maandishi, kabla ya kuweka mguu ndani. Mimi huweka kipengele kinachoniruhusu kumpa kila mfanyakazi nakala moja iliyochapishwa ya picha yake, na sijakutana na meneja aliyekataa. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama 2009. Kile cha nguo cha hapa mjini kilikufa kabla yake. Ukitembelea nyumba za waliofanya kazi huko, utakuta picha za harusi ukutani, na picha za watoto waliofuzu, lakini ni nadra ukute picha ya mwenye nyumba akiwa kazini, mahali alipotumia nusu ya maisha yake. Chapisheni za inchi sita kwa nne, ziko rahisi, mpeleke getini saa ya kubadilisha zamu, maana hapo utawapata wanaotoka na wanaoingia kwa safari moja.

Namwona dada pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja lenzi ya f/1.8, nadhani anataka bei. Tuanze na yeye.